Yule daktari aliyeweka kikombe juu ya majibu yangu

Wanajamvi, ninaandika nikiwa nimejikunja kitini, na yule bwana mnamjua wote, kwa hiyo sitamtaja. Nimeumwa chini ya kitovu upande wa kulia kwa siku 9, nikasubiri altrasaundi mpaka nikadhani nitastaafu nikiwa kwenye lile benchi, na leo hatimaye nimeingia kwake na karatasi inayosema wazi kwamba ovari ya kulia ina uvimbe wa sentimita 7. Akaipokea, akailaza mezani, akaweka kikombe chake juu yake. Kikombe! Kisha, macho yakiwa kwenye simu, akasema, “Maumivu ni kawaida yenu wanawake, rudi baada ya miezi mitatu.”

Ninajua kwamba uvimbe mwingi wa ovari ni wa maji tu na hunywea wenyewe baada ya hedhi mbili tatu, na nisingegombana na mtu ambaye angenipima ndipo aniambie nisubiri. Lakini ovari yenye uvimbe mkubwa inaweza kujisokota ikajikatia damu, na maumivu yakija ghafla pamoja na kutapika, hapo zinahesabiwa saa. Nilimweleza kwamba usiku nimetapika mara mbili. Akakiinua kikombe, nikafurahi kwamba sasa anasoma; kumbe anakunywa, na akakirudisha palepale. Karatasi yangu sasa ina duara la kahawia lililoizunguka ile 7, maana katika chumba kile kikombe ndicho pekee kilichoona umuhimu wake.

Mwiba Mchungu: Pole, mleta uzi, ingawa kwa jinsi ulivyoandika, anayehitaji kulazwa ni kikombe.

Bibi Subira: Acheni utani. Dada, funga simu uende dharura sasa hivi. Mdogo wangu alipewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu mfululizo, na walipomfungua, ovari ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi.

Kalamu Butu: Wako angalau aliipokea karatasi. Wangu aliniuliza kama nimeolewa, na nilipojibu kwamba bado, akaniambia nikazae, uvimbe utaondoka wenyewe.

Mzee wa Benchi: Hakuna anayezungumzia kibofu? Mke wangu aliambiwa anywe maji mengi na asikojoe ili ovari zionekane vizuri, akatii, halafu mpimaji akatoweka kwa saa mbili. Alipoitwa alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mayai miguuni.

Kalamu Butu: Mimi nilikwenda kupunguza kidogo.

Mzee wa Benchi: Mkojo haupunguzwi kidogo, usitudanganye.

Mleta uzi: Nimefika dharura. Muuguzi amenigusa tumbo mara moja tu akakimbia kumwita daktari wa upasuaji, na huyo daktari ameishika karatasi kwenye mwanga na kuniuliza hili duara limechorwa na nani.

Bibi Subira: Alhamdulillahi. Usile wala kunywa chochote mpaka wakuruhusu.

Mwiba Mchungu: Tunakuombea, dada. Kalamu Butu, bado hujajibu: ulipunguza, au ulimaliza wote ukaanza kunywa maji upya?