Tupeane uzoefu: mfumo endeshi gani unaruhusu kuchokonoa bila kukunyima utulivu wa kila siku?

Mdadisi wa Usiku (mleta mada)
Wadau, salaam. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta yangu, ambayo bado ina nguvu za kutosha, imekataliwa na Windows 11 kwa kuwa haina TPM 2.0, chipu ya usalama. Sina nia ya kuitupa. Ninatafuta mfumo endeshi utakaoniruhusu kuchokonoa vya ndani ninapopata nafasi, lakini siku ya kazi uwake, ufungue barua pepe na uchapishe waraka bila kuniuliza lolote. Naomba kila mmoja aeleze alichokipitia yeye mwenyewe, hasa siku iliyomtesa kuliko zote.

Sahihisho
Mkuu, tuwekane sawa kidogo. Wanaojiandikisha katika mpango wa nyongeza wanaendelea kupata masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026. Hujafukuzwa nyumbani bado.

Bi. Nakala Rudufu
Mimi ninatumia Linux Mint, mojawapo ya mifumo ya bure ya Linux, yenye eneo-kazi la Cinnamon. Imejengwa juu ya matoleo ya muda mrefu ya mfumo mwenzake, Ubuntu, yale yanayotunzwa kwa miaka mitano. Kilichonifanya nitulie ni Timeshift, programu inayopiga picha ya mfumo kabla hujagusa kitu, ili ukiharibu urudi ulikotoka. Siku mbaya ninayo, ila haikuhusu mfumo: nilipokea waraka wenye majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali, nikaufungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya ofisi, nikaurekebisha na kuurudisha, na aliyeupokea akaniuliza ni nani aliyeupindua. Anayeishi kwa nyaraka za kubadilishana na watu afikirie jambo hilo kwanza, kabla ya kuulizana habari za keneli, yaani kiini cha mfumo.

Kibao Kidogo
Hapo kwenye majedwali umenigusa, dada. Naunga mkono kila neno.

Fundi wa Mizizi
Mada hii imenikumbusha usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Nilikuwa ninatumia Arch, Linux inayosasishwa mfululizo, na ripoti ilikuwa imekamilika isipokuwa nambari za kurasa na fonti moja ambayo mteja aliitaka. Wanaoijua Arch wanafahamu kwamba haitambui usasishaji wa nusu nusu: ukivuta orodha mpya ya vifurushi ili upate fonti moja, unapaswa kusasisha mfumo mzima, vinginevyo maktaba za zamani (faili ambazo programu huzitegemea) na programu mpya zitaanza kugombana. Basi nikaamuru mfumo mzima usasishwe. Waya wa chaja ulikuwa umelegea bila kutoa dalili yoyote, betri ikaisha katikati ya zoezi, na skrini ikazimika ghafla.

Nilipoiwasha tena, keneli iliandika kwamba imeshindwa kupachika mfumo wa faili wa mzizi, ikasimama hapo. Nilikuwa na flashi ya kusakinishia, nikaiwasha kompyuta kwa hiyo, nikapachika diski na kujaribu kuingia ndani ya mfumo wangu kwa chroot. Ikakataa. Nilipochunguza folda ya maktaba nikaona faili zenye majina yote sahihi na ukubwa wa baiti sifuri, ikiwamo maktaba ambayo hata bash, programu inayopokea amri, inaitegemea. Ilinibidi kumwendesha pacman, msakinishaji wa vifurushi wa Arch, kutoka nje, nikimwelekeza kwenye diski iliyopachikwa. Naye akagoma kwa sababu faili la kufuli, db.lck, lilikuwa limebaki tangu umeme ulipokatika. Nikalifuta, nikasakinisha upya vifurushi vyote vilivyokuwa katika foleni ile, pamoja na keneli.

Sikusubiri zoezi hilo liishe. Nilihamisha ripoti kwenye kadi ya kumbukumbu, nikakimbilia kompyuta ya mke wangu, ambaye hajawahi kuandika amri hata moja maishani mwake, na nambari za kurasa nikaziwekea huko alfajiri.

Kibao Kidogo
Shemeji anatumia mfumo gani? Pengine jibu la mada liko hapo.

Sahihisho
Fundi, kabla hatujakupa pole, je, ulipachika pia sehemu ya kuwashia? Wengi husahau kwamba iko peke yake, keneli mpya ikaandikwa mahali ambapo kompyuta haiangalii.

Fundi wa Mizizi
Niliipachika, mkuu. Sikuanza jana.

Mkongwe wa Debian
Pole, ndugu, lakini huwezi kupanda mfumo unaobadilika kila siku halafu ulalamike kwamba umebadilika. Debian ipo tangu 1993, inatoa toleo jipya takribani kila baada ya miaka miwili, na katikati hapo inaleta marekebisho ya usalama na ya hitilafu tu.

Fundi wa Mizizi
Sikulalamikia Arch hata kwa neno moja. Betri ikikata wakati dpkg, msakinishaji wa Debian, naye anaandika maktaba, Debian itakuokoa kwa miujiza gani?

Mkongwe wa Debian
Maktaba hizo ningekuwa ninaziandika mara chache zaidi kuliko wewe. Hesabu ya hatari ndiyo hiyo.

Tabaka Juu ya Tabaka
Nyote mnazunguka jibu. Katika Fedora Silverblue, Linux nyingine, sasisho linatayarishwa pembeni kama picha kamili ya mfumo, na ule unaoutumia hauguswi. Umeme ukikatika, unawasha mfumo wa jana kana kwamba hakuna kilichotokea. Hata sasisho likifika salama na bado likakukera, toleo lililotangulia linakusubiri katika orodha ya kuwashia. Mimi nimewahi kupokea sasisho lililonyamazisha spika zangu nikiwa nakaribia kuingia kikaoni. Nikawasha upya, nikachagua mstari wa pili, nikaingia kikaoni nikisikika.

Mkongwe wa Debian
Na kuchokonoa utachokonoa wapi, wakati mfumo wenyewe umefungwa usiandikwe?

Tabaka Juu ya Tabaka
Ndani ya kontena, yaani chumba kilichotengwa na mfumo wenyewe. Toolbox ipo kwa kazi hiyo, na Distrobox itakupa hata Arch ya Fundi kama sebule ya pili. Ukiichoma moto, unaifuta na kuumba nyingine.

Jirani wa Tufaha
Nunueni Mac, tulale. macOS ni Unix yenye ithibati, ina terminali ya kuandikia amri, na Homebrew, kisakinishi cha programu, itawaletea karibu kila kitu.

Sahihisho
Mleta mada amesema anayo kompyuta na hataki kuitupa. Isitoshe, tangu toleo la Big Sur la 2020 mfumo wa Mac umetiwa muhuri, kwa hiyo unachochokonoa ni ukumbi, vyumba vya ndani huvifikii.

Jirani wa Tufaha
Wanaofika vyumba vya ndani nimeshasoma walivyolala usiku wa ripoti.

Bi. Nakala Rudufu
Jamani, turudi kwenye mada. Ndugu mleta mada, kabla ya kusakinisha chochote, washa mfumo kutoka kwenye flashi ufanye majaribio yafuatayo kwa mkono wako: unganisha intaneti isiyo na waya, chapisha ukurasa mmoja, kisha funga kifuniko, subiri, ukifungue. Mfumo unaoshindwa kuamka baada ya kifuniko kufunguliwa utakuchosha kuliko amri yoyote ya terminali.

Fundi wa Mizizi
Kwa walioulizia: shemeji yenu anatumia Debian. Nilimwekea mimi.

Mkongwe wa Debian
Sina la kuongeza.

Mdadisi wa Usiku (mleta mada)
Nashukuruni. Nimejaribu Mint kwa flashi. Printa imekubali na kifuniko kimeamka vizuri. Silverblue nitaiweka kwenye diski ya zamani niichokonoe huko. Kadi yangu ya picha ni ya Nvidia. Je, niweke draiva ya kampuni au nibaki na nouveau, ile huria?

Kibao Kidogo
Weka ya kampuni, michezo itapumua.

Mkongwe wa Debian
Baki na nouveau kama huchezi michezo. Ile ya kampuni ni moduli ya nje, nayo hulazimika kuundwa upya kila keneli inapobadilika. Siku isipoundwa, utakutana na skrini nyeusi.

Bi. Nakala Rudufu
Katika Mint kuna Meneja wa Draiva, chagua ile iliyopendekezwa. Piga picha ya Timeshift kwanza, tena uihifadhi kwenye diski nyingine. Na usisahau kwamba kwa mipangilio yake ya kawaida Timeshift hairudufu folda ya nyumbani. Nyaraka zako zitafutie nakala yake.