Mama yuko kwenye kemo, vidonda vya mdomoni havimwachi ale. Naombeni ushauri

Kitinda Mimba (Ijumaa, saa 2:14 usiku)
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 58, ana kansa ya titi, ameshapata dripu tatu kati ya nne za kemo, ile dawa nyekundu ya kansa. Mbili za mwanzo alitapika siku mbili tatu akarudi sawa. Mkojo unatoka mwekundu siku ile ya dripu, kesho yake unakaa sawa. Safari hii mdomo umejaa vidonda, hata mate anameza kwa kufumba macho. Uji wa ulezi niliompikia asubuhi uko vilevile mezani, umeshika utando. Joto lote hili la Dar na bado kajifunika blanketi. Mwenye kujua cha kusukutulia aniambie, angalau ale kitu kabla ya kesho alfajiri. Niko naye peke yangu.

Mama Wawili (2:21)
Pole sana mwanangu. Marehemu mume wangu alipita humo. Kilichomuumiza kuliko vyote ni nywele. Aliamka asubuhi mto umejaa, akakaa kitandani anaziokota moja moja anazitia kwenye kofia yake. Sikuwa na neno la kumwambia, nikachukua mkasi nikakata na zangu. Mpikie mtori mwepesi, uache upoe, anywe kwa mrija.

Mwana Kigamboni (2:25)
Ana bima? Maana bila bima hiyo dripu ya nne itawatoa jasho.

Nesi wa Zamu (2:26)
Kitinda Mimba, dripu ya mwisho ilikuwa siku gani? Na umempima joto? Hilo blanketi linanitisha kuliko vidonda.

Mzee Mashauri (2:31)
Kijana, unasema uko peke yako. Ndugu zako wako wapi? Mama anazaa watoto, akiugua anabaki na mmoja. Waite, mkae kikao.

Kitinda Mimba (2:38)
Asanteni wote. Mama Wawili, mtori nitajaribu. Dada yangu yuko Mwanza, mzee, kajifungua juzi. Asali inafaa kwenye vidonda?

Nesi wa Zamu (2:40)
Vidonda kwanza, halafu unijibu. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Asukutue taratibu kila baada ya chakula na kabla ya kulala, ateme. Mswaki laini kabisa. Pilipili, ndimu na vya moto sana aviache. Ukiona utando mweupe ulimini, huo unaweza kuwa fangasi, una dawa yake hospitali.
Sasa: dripu siku gani, na joto ngapi?

Kitinda Mimba (2:52)
Dripu ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Joto lilikuwa 38.6 mchana. Nikampa Panadol mbili, likashuka hadi 37.4. Saa hizi anatetemeka tena, nimempa nyingine mbili. Nilidhani ni malaria.

Nesi wa Zamu (2:54)
Leo ni siku ya 10. Kati ya siku ya 7 na ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu zinapokuwa chini kabisa, hana askari wa kupigana na vijidudu, na hao wanaweza kuingilia kwenye hivyohivyo vidonda vya mdomo. Kwa mgonjwa wa kemo joto la 38 ni dharura. Panadol imeificha homa, haijaondoa kinachoileta. Mpeleke sasa hivi, hospitali yoyote kubwa iliyo karibu. Mlangoni tamka hivi: "Mgonjwa wa kemo, siku ya kumi, ana homa." Anatakiwa apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Mtu asimchome sindano ya msuli njiani.

Kitinda Mimba (3:03)
Nimekuelewa dada, ila kesho saa 12 alfajiri tuna basi la Tabora. Tiketi nimeshakata. Mjomba kapata mtu wa dawa za asili, chupa ya kwanza alituma, mama anakunywa nusu kikombe asubuhi na jioni tangu Jumapili. Msinihukumu. Mara ya mwisho hospitali tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua linazama, mama kaegemea bega langu, akaniambia "wakinirudisha hapa sitoki." Na hizo dawa za hospitali si nazo zinatoka kwenye miti?

Mzee Mashauri (3:07)
Tabora kuna watu wanajua. Shemeji yangu alipona mguu kule.

Kiboko ya Chai (3:09)
Chai hii wadau. Mtu kajiunga jana, mkojo mwekundu kama juisi ya rozela halafu kesho unakuwa sawa, mama anatetemeka yeye anachapa aya. Leteni vitafunwa.

Mwana Kigamboni (3:11)
Na mimi nilianza kuhisi. Tuonyeshe hiyo tiketi.

Nesi wa Zamu (3:14)
Kiboko, dawa hiyo ni doksorubisini. Rangi yake nyekundu inatoka na mkojo siku moja au mbili, wagonjwa wote tunawaambia wasishtuke. Asiyemuuguza mtu hawezi kulitunga hilo. Na akiwa ametunga, humu kuna mwingine anasoma na mama yake ana homa kweli.
Kitinda, ni kweli, vinkristini, dawa nyingine ya kansa, imetokana na ua lenye asili ya Madagaska. Lakini inapimwa, dozi kwa kawaida haizidi miligramu 2. Kwenye chupa ya mjomba hujui kuna nini na kiasi gani, na ini la mama tayari limebeba mzigo. Ibebe chupa, wakaione. Benchi lilimuumiza, naamini. Lakini kutwa nzima kwenye basi na homa hii, anaweza asifike Tabora.

Mama Wawili (3:16)
Mwanangu, nyanyuka. Wangu alianza kutetemeka hivyohivyo usiku, tukasema tungoje kuche.

Kitinda Mimba (3:29)
Nimeita bajaji. Mama kakubali baada ya kumwambia nitasimama mlangoni mpaka wampokee.

Mwana Kigamboni (3:31)
Fanya haraka mkuu. Nilikosea.

Kitinda Mimba (Jumamosi, saa 6:48 usiku)
Nilisema yale maneno mlangoni, hatukukaa benchi. Wamechukua damu, dripu ya antibayotiki imeingia kabla ya majibu. Joto 39.1. Amelala, kanga yake kaishika mkononi.

Nesi wa Zamu (6:55)
Na chupa?

Kitinda Mimba (7:02)
Nimewapa. Daktari kainusa, kaniuliza siku na kipimo, kaandika kwenye faili.