Binti kapata chuo cha uigizaji, eVisa ina pasipoti ya zamani

Mama wa Swansea:
Wanajumuiya wa Wales, salaam. Binti yangu kapata nafasi ya kusomea uigizaji Cardiff. Ofisi ya mkopo imeturudishia fomu mara ya pili: eVisa yake (kibali cha ukaazi cha mtandaoni) bado inaonyesha pasipoti iliyokwisha, na BRP, ile kadi ya ukaazi, hawaitaki tena. ILR, ruhusa ya kuishi bila kikomo, anayo. Pasipoti mpya mliiunganishaje? Mwisho Ijumaa.

Kaka wa Newport:
Pole dada. Mimi nilihangaika wiki sita, simu sikioni. Ila uigizaji kweli? Asome uuguzi.

Mzee wa Cardiff:
Usimkatishe tamaa mtoto. Mwigizaji Michael Sheen kazaliwa Port Talbot, mji wa chuma. Alianzia kikundi cha maigizo cha vijana cha West Glamorgan, akaingia RADA, chuo cha uigizaji London, na mwaka 1991, hata hajamaliza, akaitwa kuigiza jukwaa moja na mwigizaji maarufu Vanessa Redgrave. Mwaka 2003 akaigiza kama waziri mkuu Tony Blair kwenye televisheni.

Kaka wa Newport:
Shikamoo mzee, lakini tusipotoshane. Kazaliwa hapa Newport, 1969. Port Talbot kakulia tu.

Mama wa Port Talbot:
"Tu"? Pasaka ya 2011 alirudi kuigiza mateso ya Kristo siku tatu mitaani kwetu, majirani zetu wakiwa waigizaji. Msalaba ulisimamishwa kwenye mzunguko wa barabara ufukweni Aberavon. Nilikuwa na mtoto mgongoni, simwoni mtu. Bibi mmoja asiyenijua akanishika mkono, akanipitisha hadi mbele. Siku hiyo ndiyo nilijiona mtu wa hapa.

Mzee wa Cardiff:
Marahaba, Newport nimekubali. Mwaka 2024 nilimwona hapa Cardiff akiigiza kama Aneurin Bevan, kavaa pijama ya wodini mchezo mzima. Mchimba makaa wa Tredegar aliyekuja kuwa waziri na kuanzisha NHS, huduma ya afya ya taifa, mwaka 1948, watu watibiwe bila kutoa pesa mlangoni! Leo mgeni mwenye viza analipa IHS, ada ya afya, £1,035 kwa mwaka, na kodi anakatwa vilevile. Inaniuma.

Kaka wa Newport:
Hapo umesema. Mimi mchezo wa kuigiza ni redio ya babu, Songea. Mchana tulianika betri juani ili jioni isizimike katikati.

Mama wa Swansea:
Asanteni, binti kasoma yote, ya Aberavon karudia mara mbili. Sasa hiyo pasipoti, jamani? Leo Jumatano.