Naomba ushauri: nawapataje watu wa kunijaribia maelekezo ya sweta?

Habari zenu wafumaji, na shikamooni wakubwa. Niko Njombe. Nimeandika maelekezo ya kufuma sweta la mtoto wa mwaka mmoja, linaloanzia shingoni kushuka chini bila mshono. Sindano ya mviringo ya milimita 4, vitanzi 22 kwa sentimita 10. Nataka kuyauza kabla ya baridi ya Juni, ila kwanza yajaribiwe na watu wengine, wafume kwa kufuata karatasi tu tuone kama ina makosa.

Nimewaomba akina mama wa mtaani. Ni mafundi kwelikweli, na shida ndiyo hiyo: wanalitazama sweta langu, karatasi wanaiweka pembeni, wanafuma kwa macho. Linatoka zuri (kuliko langu, niseme ukweli), lakini kama hesabu ya kutenga vitanzi vya mikono ina kasoro, nitajuaje? Wengine walichukua karatasi, kimya mpaka leo. Siwalaumu, uzi haupatikani bure.

Sasa naomba mnisaidie: anayejaribu nimnunulie uzi, au atumie wake halafu nimpe maelekezo yaliyokamilika bure? Na nikiwanyima picha na sampuli ili wasome karatasi, si nitawakimbiza?