Mrejesho: kupiga vionjo vya sauti moja kwa moja wasikilizaji wakipiga simu kwenye podikasti

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini mpigaji simu hasikii vionjo (makofi, kengele) ninavyopiga kwenye kompyuta, na akisikia, anasikia na mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Nimefuata ushauri wa kutumia VoiceMeeter Banana, programu ya kuchanganya na kuelekeza sauti kwenye kompyuta. Ndani yake VAIO na AUX ni njia za kuingizia sauti; A1, B1 na B2 ni njia za kuitolea. Maiki inatoka B1 na B2. Vionjo vinaingia VAIO na kutoka A1, B1, B2. Spika ya Zoom, yaani sauti ya mpigaji, inaingia AUX na kutoka A1 na B2 tu. Zoom nimeipa B1 kama maiki, Audacity (programu ya kurekodi) inarekodi B2, hedifoni ziko A1. Siri yote ni hiyo B1 kuzimwa kwenye AUX. Ikiwaka, mpigaji anarudishiwa sauti yake. Mwangwi umekwisha.

Makofi yaliendelea kumezwa hadi nilipowasha Original Sound (mpangilio wa Zoom unaoacha sauti bila kuchujwa kelele), maana Zoom huyahesabu kuwa kelele. Hasara yake: feni ya kompyuta sasa inasikika, kwa hiyo maiki iwe karibu na mdomo. Vionjo nimeshusha hadi -12 dB.

Kilichogoma ni mikwaruzo. Kuweka kila kifaa 48000 Hz na bafa ya WDM (akiba ya muda ya sauti kwenye VoiceMeeter) kutoka sampuli 512 hadi 1024 kumeipunguza, lakini bado hutokea kivinjari kikiwa wazi.