Nitajuaje kwenye skrini ya kamera kwamba picha ni kali kweli?

FundiLenzi_Moro

Habari za jioni wakuu. Natumia Nikon D7200 na lenzi mbili, 50mm f/1.8 na 18-140mm. Napiga zaidi sendofu, harusi na kipaimara.

Kinachonisumbua ni skrini ya nyuma. Nikitazama picha nzima, karibu zote zinaonekana kali, yaani zimetulia bila ukungu. Nikizifungua kwenye kompyuta, katika hizohizo nakuta nyingine sikio na nywele ziko safi lakini macho yamelegea. Nikikuza hadi mwisho palepale kwenye kamera, mambo yanageuka: kila picha inaonekana mbovu, hata ile ambayo baadaye naikuta nzuri kabisa. Sasa niamini kipi?

Mwezi ujao nina shughuli ambayo familia inataka picha moja ya ukutani, saizi ya A2, maharusi mbele na wazazi nyuma yao. Wazazi wanasafiri usiku uleule, hakuna kuwaita tena. Napiga RAW peke yake, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri. Naomba mnieleze mnavyokagua mkiwa kazini. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Shata

Mkuu, skrini yako haikudanganyi, ila unaiuliza swali isiloweza kujibu. D7200 ina skrini ya inchi 3.2, na picha ya pikseli 6000 kwa 4000 inabanwa iingie kwenye upana wa pikseli 640. Kila pikseli unayoiona imebeba zaidi ya tisa kwa upana na zaidi ya tisa kwa urefu. Fokasi ikikosea kidogo, kosa lote linamezwa humo. Picha nzima itumie kuangalia mpangilio, mwanga na nani kafumba macho. Ukali uache kwanza.

Ukikuza hadi mwisho, kamera hiyo inafika takriban mara 38. Lakini asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini, inapatikana karibu mara 9 na nusu tu. Ukipita hapo hakuna jipya unaloliona, pikseli zilezile zinatanuliwa. Kwenye mara 38 uko asilimia 400, na hakuna lenzi itakayopendeza hapo hata iwe ya bei gani.

Kwa hiyo simama katikati. Ingia kwenye mipangilio maalumu, kundi la f, tafuta kazi ya kitufe cha OK wakati wa kutazama picha, uchague kukuza kwa asilimia 100. Kuanzia hapo unabonyeza mara moja tu na kamera inakupeleka kwenye nukta ya fokasi uliyotumia. Ukiwa bado umekuza, zungusha gurudumu la nyuma: inahamia picha inayofuata palepale, kwa ukubwa uleule. Jicho la bibi harusi kwenye picha ya kwanza, ya pili, ya tatu, unalinganisha bila kutafuta. Hiki ndicho kitu kilichonisaidia kuliko vyote.

Jambo jingine: unapiga RAW, lakini skrini haikuonyeshi RAW. Inakuonyesha JPEG, picha ya kawaida iliyofichwa ndani ya faili, ambayo kamera imeshainoa (imeiongezea ukali) na kuipunguzia chenga, vile vidoa vya mwanga hafifu, kwa kufuata staili ya picha uliyochagua. Lightroom, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, haifuati unoaji huo, inaanza na wake wa kiwango cha 40. Ndiyo maana picha moja inaweza kuonekana tofauti sehemu mbili. Usipandishe unoaji wa kamera kupita kiasi ili skrini ipendeze, utazoea ukali usiokuwepo.

Mama Picha Tanga

Mdogo wangu, Mzee kasema vema. Mimi naongeza hili: ukishakuta picha imelegea, jiulize imelegea kwa namna gani, kwa sababu kila namna ina tiba yake na ukumbini huna muda wa kubahatisha.

Kama kuna kitu kingine kwenye picha kilicho kali, mfano sikio, ua la kwenye nywele au mtu wa nyuma, basi fokasi imetua pengine. Hamisha nukta, piga tena. Kama kila kitu kimevutwa upande mmoja, taa zimekuwa mistari midogo, hapo ni mkono umetikisika, ongeza kasi ya shata, lile pazia la kamera. Na kama ukuta wa nyuma ni mkali ila mtu ndiye kafutika, yeye ndiye aliyesogea. Kwa watu waliosimama mimi sishuki chini ya 1/125 ya sekunde, wakianza kucheza naenda 1/250 na kuendelea, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande itakavyo.

Ukifika ISO 3200 au 6400 usipime ukali kwenye ngozi. Kamera inailainisha ngozi wakati wa kuondoa chenga, na chenga zenyewe zikibaki zinafanana na ukali. Tazama kope, mshono wa shela, nyuzi za darizi kwenye kanzu. Nyuzi zikihesabika, uko salama.

Kijana wa Nyali

Kwa heshima, nadhani tunamfundisha kijana kuinamia skrini. Maharusi wanavishana pete mara moja tu. Mimi wakati wa tukio sitazami kabisa, napiga mfululizo wa picha tatu tatu, nakagua watu wakikaa.

Mama Picha Tanga

Ndugu yangu wa Nyali, kwenye pete nakubaliana na wewe kabisa. Lakini picha ya familia anayoiogopa yeye si tukio la kukimbiza. Watu wamepangwa, wanamsubiri yeye. Pale kukagua ni wajibu, na unawaambia kwa adabu, "Wazee wangu, naomba msitawanyike kidogo."

FundiLenzi_Moro

Shikamoo Mama, shikamoo Mzee. Kitufe cha OK nimekiweka na nimeona tofauti leo hii hii. Swali limebaki kwenye ile picha ya A2. Nilipanga kutumia 50mm kwenye f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, ili nyuma kupotee. Na je, nitajuaje asilimia 100 ya kwenye kamera yangu inapaswa kuonekana vipi, ikiwa sina cha kulinganisha?

Mzee wa Shata

Marahaba. Hiyo f/1.8 iache kwa picha ya bibi harusi peke yake. Kwa kamera yako, 50mm ukiwa mita 3 kutoka kwao, eneo lililo kali, toka mbele hadi nyuma, ni kama sentimita 26 tu. Wazazi wakisimama nusu mita nyuma, wamepotea, na kwenye picha nzima ya skrini ndogo hutagundua. Nenda f/5.6, tundu dogo zaidi, utapata karibu sentimita 80. Fokasi iweke kwa maharusi, kisha ukikuza kagua nyuso zote nne, hasa walio pembeni.

A2 kutoka kwenye faili lako inatoka na takriban pikseli 240 kwa inchi. Inatosha, ila haina akiba ya kukata sana, kwa hiyo jaza fremu vizuri tangu mwanzo.

Cha kulinganisha kitengeneze. Weka gazeti ukutani, kamera kwenye stendi, f/5.6, tumia kipima muda ili mkono usiguse. Piga. Halafu piga lilelile ukishika mkononi kwa 1/30. Zitazame zote mbili kwa asilimia 100 kwenye kamera, kisha kwenye kompyuta, mpaka jicho likariri. Ziache kwenye kadi ya nafasi ya pili na uzifunge kwa kitufe cha ufunguo. Angalia tu usifomati kadi hiyo, maana kufomati hufuta hata zilizofungwa.

Ukiwa na stendi hapohapo, piga gazeti kwa f/1.8 ukitumia fokasi ya tundu la kuchungulia, kisha kwa fokasi ya skrini. Rudia, usiamini jaribio moja. Kama ya skrini inashinda kila mara, lenzi na kamera havijapatana, na D7200 ina marekebisho ya fokasi kuanzia -20 hadi +20 kwa kila lenzi. Yafanye kwa umbali ule ule unaopigia watu, si karibu na ukuta.