Nguzo zina mashimo na mjenzi ni shemeji yangu. Nilipe wamwage dale (zege ya juu), au nisimamishe kazi?

Mama wa Panzi
Wandugu, jambo. Ninajenga Panzi, hapa Bukavu, nyumba ya ghorofa moja kwenye mteremko. Kazi nilimpa mdogo wa marehemu mume wangu kwa forfe: simenti, nondo, mafundi, vyote viko mikononi mwake. Nimeshalipa mara mbili. Sasa anataka malipo ya tatu ili Jumamosi wamwage dale.

Jumanne nilifika bila kumwambia, nikawakuta wanafungua kofraji, zile mbao zinazoshika zege. Nguzo ya pembeni, upande wa bonde, ina mashimo kama sega la nyuki. Niliingiza kidole kikagusa nondo. Kijana mmoja alikuwa na karai anaziba. Aliponiona akainamisha macho. Shemeji akasema, "Hiyo ni ya juu juu tu, krepi, ile plasta ya ukuta, itafunika."

Mlinzi aliniambia nguzo zote 12 zimekula mifuko 6 ya simenti. Mimi ni muuguzi, sijui kama inatosha. Nikikataa kulipa, ukoo utasema nimemwita mwizi. Nikilipa, wanangu watatu watalala chini ya dale hiyo. Nishaurini.

Masoni Kadutu
Pole mama. Kazi hii ndiyo inanilisha, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Shimo la kuingia kidole ni beto (zege) yenye simenti haba, tena haikushindiliwa kwa chuma wakati wa kumwaga. Kokoto zimebaki peke yao. Kuziba kwa nje hakuongezi nguvu yoyote, kunaficha tu. Na yule kijana wa karai usimkasirikie, analipwa na huyo huyo aliyemtuma azibe.

Kaka wa Bagira
Mimi ningeanza na wazee wa familia. Ukisimamisha kazi mbele ya mafundi umemvua nguo mtoto wa watu, na wewe ni mjane, utawahitaji kesho.

Injinia wa Nguba
Wazee waitwe, sawa, lakini beto isimwagwe wakiwa bado njiani. Ikishamwagwa hairudi kwenye mfuko.

Mama, hesabu ya simenti ni nyepesi. Beto ya nguzo tunaipa kilo 350 kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50. Kama nguzo zako ni sentimita 20 kwa 20, urefu mita 3, zote 12 ni karibu mita 1.4 za ujazo. Zilitaka mifuko 10. Minne iko wapi?

Sasa pima nondo. Omba kipande cha mita moja kamili cha ile wanayokuambia ni ya milimita 12, upeleke kwenye mizani yoyote ya sokoni. Kinatakiwa kuwa na karibu gramu 890. Ya 10 ina gramu 620 hivi. Kwa macho utaona zinafanana, lakini hiyo ndogo ina chuma pungufu kwa karibu theluthi moja.

Angalia pia ukuta unaoshika udongo nyuma ya nyumba. Una mabomba ya kutolea maji? Kama hauna, mvua zikianza udongo utalowa na kuusukuma wote.

Dada Ibanda
Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilipotikisika, tulikimbia na nguo za kanisani. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9. Kwetu ukuta mmoja ulipasuka toka chini hadi juu. Mama, usilipe. Shemeji akikasirika utamwomba radhi ukiwa hai.

Mama wa Panzi
Aksanti wote. Nimetoka kupima sasa hivi, kwa muuza maharagwe hapa barabarani. Tulipima mara tatu, kwa sababu sikutaka kuamini: gramu 615, 620, 615. Na ukuta wa nyuma hauna hata tundu moja.

Nimewaambia mafundi wasimame, nimewalipa siku ya leo kutoka mfukoni mwangu. Kaka wa Bagira, nimefuata na lako: baba mkubwa wa mume wangu anakuja saa kumi na moja, na shemeji ameitwa. Kipande cha nondo nimekiweka mezani. Injinia, ile nguzo ya bondeni, inaweza kuokolewa au inabomolewa?

Injinia wa Nguba
Siwezi kusema bila kuiona. Kesho asubuhi nitapita na nyundo. Usiruhusu mtu aizibe.